Kuitoa Riwaya kwa Sauti: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi Anayejigharamia

Waandishi wengi wanaoniuliza kuhusu vitabu vya sauti wamekwama mahali pamoja. Wamenunua maikrofoni, wamerekodi sura tatu au nne, kisha kazi imelala, kwa sababu sauti ya sura ya nne haifanani na ya kwanza, fedha za mhariri wa sauti hazipo, na hakuna anayejua zimebaki saa ngapi za kazi. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Msingi wake ni mmoja: kamilisha sura moja tu, tangu kusomwa hadi kusikika kwenye simu ya mtu mwingine, kabla hujagusa sura ya pili, kisha iache sura hiyo ikutafutie fedha za zilizobaki.

Namlenga mwandishi wa riwaya ya Kiswahili anayeishi Tanzania au Kenya, asiye na mchapishaji wa kumlipia gharama. Kama msimulizi utakuwa wewe mwenyewe au utamwajiri mtu, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mswada wa mwisho uliokwisha kuhaririwa, katika faili ambalo bado unaweza kulibadili.
- Maikrofoni ya kuchomeka kwa waya wa USB, ikiwezekana ya aina ya dainamiki. Aina hii husikia vizuri kilicho karibu na hupuuza kilicho mbali. Zile za kondensa hunasa sauti kwa undani zaidi, lakini hunasa na jogoo wa jirani. Samson Q2U ni mfano wa dainamiki ya bei ya wastani inayofanya kazi hii bila shida.
- Kichujio cha pumzi cha kuweka mbele ya maikrofoni, pamoja na stendi. Usiishike maikrofoni mkononi.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote.
- Kompyuta yenye programu ya kurekodi. Audacity hupatikana bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.
- Diski ya nje ya kuhifadhia, na mahali pa pili pa kuhifadhi nakala.
- Daftari la kazi.
- Namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina ambalo wasomaji wako wanalitambua.

Wengi huuliza kama simu inatosha. Kwa kujaribu mwendo wa kusoma, inatosha. Kwa kitabu kizima haitoshi, kwa sababu simu nyingi hujirekebishia sauti zenyewe, zikaipandisha unaponong'ona na kuishusha unapopaza, na hakuna mhariri anayeweza kuirudisha ilivyokuwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha haki ya sauti ni yako

Kama riwaya ilipita kwa mchapishaji, tafuta mkataba na usome kifungu kinachohusu matumizi mengine ya kazi. Baadhi ya mikataba humpa mchapishaji haki ya kuitoa kazi kwa njia yoyote, na maneno hayo yanaweza kumeza sauti. Ukikuta hivyo, omba kwa maandishi haki ya sauti irejeshwe kwako, na usianze kurekodi mpaka jibu lililosainiwa liwe mkononi.

Kagua pia maneno ya watu wengine yaliyomo kwenye riwaya. Beti za taarabu au za bongo fleva ambazo mhusika wako anaziimba zina mwenyewe. Ama upate kibali, ama uzitunge upya kwa maneno yako.

Usajili wa hakimiliki hufanyika COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Namba ya ISBN ya kitabu cha karatasi haihamishiki kwenye kitabu cha sauti, kwa kuwa kila umbo la kitabu huwa na namba yake. Tanzania namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya hutolewa na idara ya maktaba ya taifa.

## Hatua ya 2: Geuza maneno kuwa saa, na saa kuwa fedha

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa bila kujua. Kitabu cha sauti hakipimwi kwa kurasa. Hupimwa kwa saa iliyokamilika, yaani saa moja ya sauti atakayoisikia msikilizaji baada ya makosa yote kukatwa. Bei ya msimulizi na ya mhariri huhesabiwa kwa saa hiyo, nao ukubwa wa faili huifuata.

Usitumie makadirio ya Kiingereza, ambayo ni kama maneno 9,300 kwa saa. Neno letu moja hubeba mzigo mkubwa: "tutakapokutana" ni neno moja kwa hesabu ya kompyuta, lakini mdomo unalitembelea silabi saba. Chagua kurasa zenye masimulizi na mazungumzo kwa pamoja, zisome kwa dakika 10 kwa mwendo wa utulivu, hesabu maneno uliyoyasoma, kisha zidisha kwa 6. Mimi hupata karibu maneno 7,000 kwa saa. Pima mwendo wako mwenyewe.

Tuchukulie riwaya yako ina maneno 56,000. Gawanya kwa 7,000 upate saa 8. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Weka zile utakazopewa unapoulizia.

- Msimulizi, shilingi 40,000 kwa saa iliyokamilika: 320,000
- Mhariri wa sauti, 25,000 kwa saa: 200,000
- Msikilizaji wa kuhakiki, 10,000 kwa saa: 80,000
- Jalada la mraba: 30,000
- Bando, nauli na mambo madogo: 50,000
- Dharura, asilimia 10 ya jumla hiyo: 68,000

Jumla ni shilingi 748,000. Sasa ifanye hesabu ya upande wa pili, ambayo karibu kila mwandishi huikwepa. Ukiuza nakala kwa shilingi 6,000 na baada ya makato na gharama za kuitangaza ukabaki na 5,000, unahitaji wanunuzi 150 ili kurudisha fedha. Je, unawajua wasomaji 150 waliowahi kununua kitabu chako? Kama jibu ni hapana, usikate tamaa, bali anza na hadithi fupi au riwaya yako fupi kuliko zote.

Ukirekodi mwenyewe utaokoa fedha, lakini muda utaulipa wewe. Saa moja iliyokamilika hula kati ya saa 4 na 6 za kusoma, kukata na kusikiliza tena, na kwa anayeanza huzidi hapo. Hatua hii imekamilika utakapokuwa na ukurasa mmoja kwenye daftari wenye namba tatu: saa za kitabu, jumla ya gharama, na idadi ya wanunuzi unaowahitaji.

## Hatua ya 3: Andaa mswada wa kusomwa

Mswada wa kusoma kimya si mswada wa kusoma kwa sauti. Tengeneza nakala ya pili ya faili na ufanye marekebisho humo tu.

Vifupisho viandikwe kwa urefu. Tarakimu ziamuliwe zitakavyotamkwa: je, "1987" ni "elfu moja mia tisa themanini na saba" au "themanini na saba" tu? Ujumbe wa simu ambao mhusika anausoma, ulioonekana kwenye karatasi kwa herufi za mlazo, unahitaji maneno machache ya kuutambulisha, la sivyo msikilizaji hatajua umeanza wapi na kuishia wapi. Mazungumzo marefu yasiyotaja msemaji nayo yanahitaji kuguswa, kwa sababu jicho huona aya mpya lakini sikio halioni.

Kisha weka alama za matamshi. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni "sawasawa". Msimulizi akizichanganya, sentensi nzuri huharibika. Kama riwaya yako ina watu wa Lamu au wa Mombasa, fahamu kwamba wenyeji wa huko hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi ya herufi p, nao watasikia kosa ambalo mtu wa bara halisikii. Majina ya watu na ya vijiji yaorodheshwe ukurasa wa kwanza na namna yanavyotamkwa.

Mwisho, soma sura nzima kwa sauti wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtu. Sentensi inayokukata pumzi mara mbili igawe. Ukiweza kuisoma sura kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama kuuliza "hapa nilimaanisha nini", mswada umeiva.

## Hatua ya 4: Mpate msimulizi, na muandikiane

Mwandishi hafai kuisoma riwaya yake kwa sababu tu aliiandika. Jirekodi dakika 5, subiri siku mbili, kisha sikiliza. Kama unajisikia ukikimbia, ukishusha sauti mwisho wa kila sentensi, au ukisema "zambi" mahali pa "dhambi", mtafute mwingine. Watangazaji wa redio za mikoani, walimu wa Kiswahili na waigizaji wa majukwaani ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa watangazaji angalia jambo moja: wengi wamezoea kuuza kila neno kwa nguvu ileile ya tangazo, na sikio huchoka baada ya dakika 20.

Wape watu watatu kurasa mbili zilezile, moja ya masimulizi matulivu na moja ya ugomvi kati ya wahusika wawili, na ulipie majaribio hayo hata kama ni kidogo. Msikilize anayekufanya usahau kwamba anasoma.

Kabla ya sura ya kwanza, sainini mkataba. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki kwa sababu nzuri: aliyesoma naye ana haki katika usomaji wake, hata kama maneno ni yako. Mkataba utaje malipo kwa saa iliyokamilika, tarehe za kulipa, idhini ya kuuza sauti hiyo kila mahali na kwa muda gani, idadi ya marekebisho ya bure, na kwamba faili ghafi, yaani sauti kabla ya kuhaririwa, ni mali yako. Kifungu hicho cha mwisho kilinigharimu. Studio moja niliyofanya nayo kazi ilinipa sura zilizokwisha kubanwa zikiwa na mwangwi, na nilipoomba faili ghafi nizipeleke kwa mhariri mwingine niliambiwa hazikuwamo kwenye makubaliano. Nilizilipia mara ya pili.

Kuhusu kumlipa msimulizi kwa mgao wa mauzo badala ya fedha taslimu, ushauri wangu ni kuliepuka jambo hilo katika kitabu cha kwanza. Mauzo yakiwa madogo atahisi umemtumia, na mauzo yakiwa mazuri mtabishana kuhusu hesabu. Kama hamna njia nyingine, mpe malipo madogo ya mwanzo na mgao wenye kikomo cha miaka, huku akiona taarifa za mauzo kila mwezi.

## Hatua ya 5: Kitulize chumba

Chumba kibaya huishinda maikrofoni ya gharama kubwa. Maadui ni wawili: kelele zinazoingia, na mwangwi wa sauti yako mwenyewe.

Mwangwi huletwa na kuta tupu, vioo na sakafu ya vigae. Dawa yake ni vitu laini na vizito. Kabati la nguo lililojaa na kuachwa wazi mbele yako, godoro lililosimamishwa nyuma yako na blanketi mezani chini ya maikrofoni hufanya kazi kubwa. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaobaki hewani, ongeza vitu, kofi likikatika papo hapo, chumba kiko tayari.

Kelele ni suala la saa. Kwa nyumba nyingi za mjini, muda wa kati ya saa tano usiku na saa tisa usiku ndio pekee usio na bodaboda, muziki wa jirani wala adhana. Nyumba ya bati msimu wa mvua haina saa salama, kwa hiyo panga kurekodi nje ya masika. Zima feni, toa saa ya ukutani, weka simu mbali kabisa.

Na zima jokofu. Katika riwaya yangu ya kwanza nilipoteza sura saba kwa sababu ya jokofu la chumba cha pili, ambalo masikio yangu yalikwisha kulizoea. Lilikuwa likiwaka na kuzima lenyewe, hivyo sentensi moja ilikuwa na mvumo na inayofuata haina, na programu ya kupunguza kelele haikuweza kuufuata mvumo unaokuja na kuondoka. Siku hizi huweka funguo za nyumba juu ya jokofu nililolizima, ili nisiweze kutoka asubuhi bila kukumbuka kuliwasha.

Rekodi dakika moja ya ukimya na uisikilize kwa hedifoni ukiwa umeongeza sauti. Programu ikionyesha kelele ya chumba iko chini ya desibeli −60, umefaulu. Ukishindwa kufika hapo kwa maarifa yote, kodi studio kwa siku, lakini sikiliza kwanza rekodi ya mtu akizungumza humo bila muziki, kwa maana studio nyingi zimezoea nyimbo, na muziki huficha mwangwi.

## Hatua ya 6: Rekodi sura moja tu

Weka programu irekodi kwa mono (mkondo mmoja wa sauti), hezi 44,100, biti 24, na uhifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Usirekodi moja kwa moja kwa MP3, kwa sababu kilichopotea katika kubanwa hakirudi.

Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na maikrofoni ikae pembeni kidogo ya njia ya pumzi ili herufi p na b zisilipuke. Pima shubiri hiyo kila siku. Tofauti ya vidole vinne inatosha kumfanya msikilizaji ahisi msimulizi amehama kiti. Mstari wa sauti unaposoma kwa kawaida ucheze kati ya desibeli −18 na −12, na hata mhusika anapofoka usiguse sifuri, ambapo sauti hupasuka.

Msimulizi avae nguo za pamba, avue bangili, akae kwenye kiti kisicholia. Ale kidogo saa moja kabla, kwani tumbo lenye njaa hunguruma na maikrofoni hulisikia. Maji yawe karibu. Chai ya maziwa iepukwe, kwa kuwa huacha utelezi mdomoni unaosikika kama kubofyabofya.

Akikosea, asisimamishe rekodi. Apige kofi moja, anyamaze sekunde mbili, arudi mwanzo wa sentensi. Kofi litaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba mrefu, na mhariri atayaona makosa yote kwa macho kabla ya kuyasikia. Njia hii pekee imenipunguzia karibu nusu ya muda wa kuhariri.

Rekodi kwa vipindi vya dakika 40, upumzike 10, usizidishe saa mbili au tatu kwa siku. Mwanzoni mwa kila kipindi chukua nusu dakika ya ukimya wa chumba. Utautumia kuziba mapengo. Kwa kila mhusika mkuu, kata sekunde 30 za sauti yake na uziweke katika faili moja la kumbukumbu. Bibi aliyezungumza kwa utaratibu sura ya pili na kurudi sura ya 19 lazima awe bibi yuleyule.

## Hatua ya 7: Hariri na usawazishe

Fanya nakala ya faili ghafi, kisha fuata mpangilio huu bila kuubadili, kwa sababu kila kazi hutegemea iliyotangulia.

1. Kata makosa yote yaliyowekewa kofi. Mahali palipokatwa pajazwe ukimya wa chumba, si utupu. Utupu kamili humshtua msikilizaji akadhani simu imezima.
2. Ondoa mvumo wa chini, kuanzia hezi 80 kushuka.
3. Punguza kelele kidogo, kama ipo. Ukizidisha, msimulizi atasikika kama anazungumza ndani ya mtungi. Afadhali kelele ndogo ya asili kuliko hivyo.
4. Sawazisha wastani wa nguvu ya sauti ufike desibeli −20.
5. Weka kizuizi cha vilele, yaani sehemu zenye sauti kali kuliko zote, kwenye −3.5.

Vipimo vinavyotumiwa na ACX, mlango wa waandishi kuingia Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, ni wastani kati ya −23 na −18, vilele visivyozidi −3, na kelele ya chumba isiyozidi −60. Hata kama huuzi huko, vifuate. Sura zote zikiwa ndani ya vipimo hivyo, msikilizaji hatalazimika kupandisha na kushusha sauti ya simu kila sura inapoanza.

Usikate pumzi zote. Msimulizi asiyevuta pumzi hata mara moja huchosha bila mtu kujua kwa nini. Punguza zile nzito tu.

Jaribio la mwisho halifanyiki kwenye hedifoni zako. Mtumie mtu sura hiyo, aisikilize kwa spika ya simu ya kawaida akiwa jikoni au ndani ya daladala. Akiweza kukusimulia kilichotokea bila kurudia, sura imekamilika.

## Hatua ya 8: Iache sura hiyo ikatafute fedha

Sasa una kitu ambacho wengi huomba michango bila kuwa nacho: mfano kamili. Msomaji anayeombwa fedha kwa ajili ya ndoto husita. Aliyesikia dakika 25 za hadithi na kuachwa njia panda hutaka kujua kinachofuata.

Toa sura hiyo bure kwa kila mtu, mwisho wake ukiwa na tangazo la sekunde 30 kwa sauti ya msimulizi yuleyule: kitabu kina saa ngapi, kinahitaji kiasi gani, tarehe ya mwisho ya kuchangia, na namba ya kulipia. Taja kiasi kamili. "Tunahitaji wanunuzi 150 kabla ya tarehe fulani" huwasukuma watu kuliko "tunaomba mtuunge mkono", kwa sababu kila anayelipa hujua amepunguza namba.

Weka ngazi tatu, zisizidi. Ya kwanza ni kununua kabla, kwa bei iliyo chini kidogo ya bei ya baadaye. Ya pili ni kununua na jina lako kusomwa mwishoni mwa kitabu. Ya tatu ni ya duka au biashara inayotaka kutajwa mwanzoni. Mpokee mmoja tu, kwa sentensi moja. Wasomaji walioko Oman, Uingereza na Marekani wakumbuke kwa namna ya pekee, maana wengi wao hukosa nakala za karatasi, na sauti huwafikia bila posta. Waeleze njia ya kutuma fedha kwa simu kutoka huko waliko kabla hawajauliza. Kenya kuna M-Changa, inayokusanya michango kupitia M-Pesa na kumwonyesha kila mchangiaji kiasi kilichofikiwa.

Siku 30 zinatosha. Kila jioni andika jina, kiasi na namba ya muamala kwenye daftari, na kila wiki tangaza zimefika ngapi. Fedha hizo zikae kwenye laini yake, mbali na ya matumizi ya nyumbani. Kama lengo halikufikiwa, una njia mbili za uadilifu: kurudisha fedha kwa orodha uliyoitunza, au kuwaomba wachangiaji waridhie utoe kitabu kwa mafungu, sura tano tano, kadiri fedha zinavyoingia. Usikae kimya. Nimeona mwandishi mzuri akipoteza wasomaji wa miaka mingi si kwa sababu ya fedha kuwa kidogo, bali kwa sababu ya wiki sita za kutojibu ujumbe.

Usikope kuziba pengo, hasa mikopo ya kausha damu. Kitabu cha sauti hurudisha fedha polepole kwa miezi, ilhali mkopo huo hudai kila wiki.

## Hatua ya 9: Rekodi sura zilizobaki

Kabla ya kila kipindi, sikiliza dakika mbili za sura ya mfano na faili la sauti za wahusika. Rekodi siku zinazofuatana kadiri inavyowezekana, kwa saa zilezile, kwa sababu sauti ya asubuhi si sauti ya usiku. Msimulizi akipata mafua, simamisheni.

Hariri na uhifadhi kila sura kabla ya kufikisha sura tatu zisizohaririwa. Kosa la mipangilio likigunduliwa mapema hula sura mbili. Likigunduliwa mwishoni hula kitabu. Lipa kwa mafungu: robo mwanzoni, nusu kitabu kikifika katikati, robo baada ya marekebisho.

## Hatua ya 10: Hakiki, pakia, uza

Mpe msikilizaji wa kuhakiki mswada na sauti, aandike kila kosa kwa sura, dakika na sekunde. Asiwe wewe wala msimulizi, kwa sababu ninyi wawili mnasikia kilichokusudiwa. Msimulizi azisome upya sentensi zote zenye makosa kwa kipindi kimoja, akiwa ameketi shubiri ileile.

Kila sura iwe faili moja, na iachiwe nusu sekunde ya ukimya mwanzoni na sekunde tatu mwishoni. Majina yaanze kwa tarakimu mbili: 01, 02, hadi 10 na kuendelea. Ukiandika 1, 2 na 10, simu nyingi zitacheza sura ya 10 baada ya ya kwanza, na utapokea malalamiko kwamba hadithi haieleweki.

Tengeneza seti mbili. Kwa maduka ya kimataifa weka MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, pamoja na jalada la mraba la pikseli 2,400 kila upande. Kwa mauzo yako ya moja kwa moja tumia mono ya kilobiti 64. Saa moja ya seti ya kwanza ni karibu MB 86, ya pili ni MB 29. Kwa kitabu cha saa 8 hiyo ni MB 690 dhidi ya 230, tofauti ambayo mnunuzi anailipa kwa bando lake. Kwa sauti ya mtu mmoja asiye na muziki, sikio halitalalamika.

ACX hupokea wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland tu. Usitumie anwani ya binamu aliyeko huko kana kwamba ni wewe. Mkataba, kodi na mrabaha vyote vitakuwa kwa jina lake. Popote utakapopeleka kazi, soma kwanza kifungu cha upekee, maana kikikuzuia kuuza mahali pengine, utawanyima kitabu hata waliokuchangia.

Kwa mauzo ya moja kwa moja, tuma faili kama nyaraka kwenye WhatsApp au Telegram. Mwanzoni mwa sura ya kwanza msimulizi ataje jina la kitabu, mwandishi, msimulizi na namba ya kununulia, ili hata nakala iliyosambazwa bila ruhusa imfikishe msikilizaji kwako.

Wachangiaji wapate kitabu siku tatu kabla ya wengine, kikiambatana na hesabu ya kila shilingi ilivyotumika. Hao ndio watakaokuambia kwamba sura ya 14, dakika ya 9, kuna sentensi iliyosomwa mara mbili. Irekebishe siku hiyohiyo kutoka kwenye faili ghafi la WAV, uitume tena kwa jina lilelile la faili kwa kila aliyenunua, na uandike kwenye daftari kwamba nakala zilizoko kwenye diski zote mbili zimebadilishwa.